Siku Niliyogawa Mombo

Nianze kwa kukiri mapema, usije ukanishangaa katikati: hadithi hii inanifanya nionekane zoba. Niliwahi kumsimulia mteja huku namnyoa, akacheka mpaka wembe ukamgusa nyuma ya sikio. Kwa hiyo wewe cheka tu, ila ukae vizuri.

Imenirudia wiki hii kwa sababu ya vitumbua. Kuna mama anauza vitumbua jirani na kibanda changu cha kunyolea hapa Lushoto mjini, naye hufungia kwenye magazeti ya zamani. Nilikula viwili. Kufunua cha tatu nikakuta ukurasa wa chemshabongo, vile visanduku vyeusi na vyeupe, mtu kaanza kujaza kwa peni ya bluu akaishia njiani. Nikaliona jibu moja pale pale. Mdomo ukafunguka kulisema, halafu nikachungulia nje kuangalia jua liko wapi. Saa tano asubuhi. Nikaukunja ule ukurasa na mafuta yake, nikautia mfukoni mpaka jioni. Mtu mzima, na ndevu zangu.

Sasa ngoja nikupandishe kwetu, juu huko upande wa Magamba, pale kabichi zinapoishia na msitu unapoanzia. Mimi wakati huo niko darasa la tano. Kazi zangu zilikuwa tatu: kuteka maji, kukata majani ya ng'ombe, na kujibu watu. Hiyo ya tatu sikutumwa na mtu. Asubuhi palinuka moshi wa kuni mbichi na makande ya jana yakipashwa moto, na baridi ilikuwa ya kukufanya uonee wivu ng'ombe kwa sababu yeye amelala juu ya samadi ya moto.

Palikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, nyumba yake ya mwisho kabisa kabla ya msitu. Alifundisha wazazi wetu, akafundisha na sisi kidogo, wakamstaafisha, lakini kufundisha kukakataa kumtoka. Kila Jumamosi asubuhi alishuka na karatasi kubwa, mgongo wa kalenda ya mwaka uliopita, kaichora visanduku kwa rula, akaipigilia misumari minne pembeni ya mlango wa duka. Chini yake mafumbo. Kijiji kizima kinasimama hapo na mizigo kichwani, kinasoma, kinakuna vichwa.

Mafumbo ya mwalimu hayakuwa ya kukuuliza mji mkuu wa nchi fulani. Kila fumbo lilikuwa na nusu mbili: nusu inakwambia maana ya jibu, nusu inakwambia uchimbe wapi. Mfano aliandika: "Kazi ya jembe; igeuze, utajirike. Herufi nne." Wewe unasimama pale unawaza matajiri wote wa wilaya. Kumbe kazi ya jembe ni kulima. Chukua LIMA, ikate katikati, ya nyuma iende mbele: MALI. Ukishaona unajiuliza ulikuwa umelala wapi.

Sheria yake ya kwanza: jibu bila maelezo ni wizi. Ukipata, unapanda juu ya kreti la soda, unaeleza mbele ya watu umelipataje. Ukieleza vizuri unapewa andazi la mwenye duka na penseli ya mwalimu, na wiki nzima unaitwa bingwa.

Sheria ya pili ndiyo iliyonimaliza. Majibu hayasemwi mpaka jua lizame.

Hiyo haikuwa yake, aliichukua kwa bibi zetu. Kwetu kitendawili ni cha jioni, watu wamekaa jikoni, moto unawaka. Bibi yangu alituambia tangu tunanyonya: anayetegua kitendawili mchana, mama yake anapotea njia. Hakusema kwa kututisha. Alisema kama unavyomwambia mtu kwamba maji ya moto yanaunguza. Mwalimu alikuwa msomi, lakini alikaa na wazee vizuri. Akasema fumbo ni kitendawili kilichovaa sare, basi na lenyewe lingoje jioni.

Na kwa sababu utahitaji kulijua hili mbele: ukishindwa kitendawili, unamlipa aliyetega kwa kumpa mji. Anakwambia "nipe mji," unamtajia, anautawala kwanza ndipo akupe jibu. Wengine huupokea kwa utani yakaisha. Bibi yangu, hapana. Bibi akipewa mji alieleza alivyoingia, alivyokaribishwa, alivyochukua mbuzi, mashamba na watu wote waliomo, na akamaliza kwa kusema harudishi. Alikuwa na Korogwe, Tanga na Nairobi nzima. Hakuwahi kurudisha hata kitongoji.

Jumamosi ninayoisema ilikuwa msimu wa matunda damu, yale mekundu ya huku milimani. Mama aliondoka kabla hapajakucha na tenga lake, anashuka kuuza Mombo kule bondeni kwenye joto. Simu yake aliiacha dukani ichajiwe, maana kwetu umeme ulikuwa bado na mwenye duka alikuwa na sola. Saa sita mchana mimi nikatumwa chumvi.

Pale dukani alikuwepo binti wa mwenye duka, tunasoma darasa moja. Huyu alikuwa bingwa wiki tatu mfululizo. Aliketi juu ya gunia la unga anatafuna muwa, na macho yake yalikuwa yameshaniambia kwamba majibu anayo, anangoja jioni tu. Nikasoma karatasi. Fumbo la kwanza ndilo lile la jembe; MALI nikaiona. Fumbo la pili: "Blanketi la mlima, limefichwa huku nguoni. Herufi sita." Nikaliona nalo. La tatu: "Mtoto huyalilia; yamefichwa kwa mama ziwani. Herufi sita." Rafiki yangu, likanipiga kichwani kama embe. Yote matatu ninayo, na jioni ni mbali, na yule atanitangulia kwenye kreti.

Nikapanda kreti.

Binti akaacha kutafuna. Akaniuliza polepole, "Mchana huu? Kwani una mama wangapi?"

"Mmoja," nikasema, "na yuko Mombo, hawezi kunisikia."

Watu wakacheka, mimi kichwa kikavimba. Nikaeleza yote kwa sauti ya mchungaji. Andika HUKU NGUONI, funika herufi ya kwanza, funika tatu za mwisho, inabaki UKUNGU, ndiyo blanketi la mlima. Andika MAMA ZIWANI, funika mbili za mwanzo na mbili za mwisho, inabaki MAZIWA, ndiyo anayoyalilia mtoto. Nikachukua peni iliyoning'inia kwa uzi nikajaza visanduku. Mwenye duka akaniambia nishuke, kreti lake litavunjika, na andazi hanipi mpaka mwalimu aje. Kulikuwa na bibi mmoja ananunua mafuta ya taa. Hakucheka. Alifunga kanga yake, akatoka bila kuchukua chenji.

Mvua ikaanza kabla sijafika nyumbani. Na si ile ya kawaida yetu ya kunyunyiza. Hii ilipiga mabati mpaka ng'ombe akalia. Ikanyesha hadi adhana ya alasiri, ambayo siku hiyo hatukuisikia, tulikisia tu. Ilipopungua nikarudishwa dukani kuchukua simu ya mama, kwa sababu saa hizo huwa amesharudi na anaiulizia.

Nikakuta watu wamemzunguka kijana wa bodaboda, amelowa mpaka miwani. Alisema barabara ya Mombo imekatika chini ya Soni, mlima umeshuka na miti yake. Alisema kwenye kona ya hapo maji yamejaa mpaka huoni kingo za barabara. Alisema kuna gari la kina mama wa sokoni lilikuwa linapanda, hajui kama lilivuka au lilikuwa bado.

Halafu akatafuta neno la kuelezea yale maji, akalipata. "Pamekuwa ziwa kabisa."

Binti wa mwenye duka alinitazama. Ningetoa penseli zangu zote anitukane tu. Mwenye duka, kwa kuchanganyikiwa, akasema tumpigie mama, akashika simu yake, akabonyeza. Tukasikia mlio kwenye rafu nyuma yake, kati ya sabuni na viberiti. Simu ya mama inaita kwenye chaji.

   Nikaitazama ile karatasi mlangoni. MAZIWA kwa mwandiko wangu, na chini yake mama ziwani. Nikalamba kidole nikasugua, peni haifutiki, karatasi ikatoboka. Nikachana kile kipande. Nikakitia mdomoni, nikatafuna, nikameza. Kilikuwa na ladha ya gundi. Nilifikiri nikila jibu litakuwa halijasemwa.

Nikakimbia nyumbani. Bibi alikuwa amekaa karibu na moto anamenya njegere kwenye ungo, habari ya barabara haijamfikia. Nikashindwa kumwambia. Nikapitia pembeni. Nikamuuliza kama mtu ametegua mchana kwa bahati mbaya, dawa yake ni nini.

Vidole vyake vikasimama. "Nani huyo?"

"Rafiki yangu."

Akauliza, "Na huyo rafiki yako, mama yake ameenda wapi leo?"

Nikasema sijui. Aliendelea kumenya, lakini sasa maganda aliyatia kwenye ungo na njegere akazitupa motoni. Akasema dawa ni kwenda kwa mwenyewe aliyetega. Umwambie umeshindwa, hujui jibu, hujawahi kulijua, umpe mji. Na iwe kabla jua halijazama, maana likizama jibu linakuwa limekomaa.

Sasa kwenda kwa mwalimu ni kupanda. Na ukungu ulikuwa umeshuka. Hebu ona mwenyewe: nimetegua UKUNGU, ukaja. Nimetegua hilo la mama, likaja. Kati ya majibu yangu matatu, MALI peke yake ndiyo mpaka leo haijatimia.

Nilipanda huku nashika mashina ya miti, sioni hata miguu yangu. Udongo unateleza. Mbega walikuwa wanakoroma juu msituni, ile sauti yao kama mtu anavuta gogo kwenye mabati, na kila wakinyamaza nilisikia maji, maji kila upande, mifereji, makorongo, majani yanadondosha. Kila maji niliyoyasikia nilimwona mama ndani yake. Nikawa nasema kwa sauti, sijui jibu, sijui jibu, sijui jibu. Lakini kichwa changu, mjinga huyu, kila nikisema sijui kinanijibu: maziwa. Nilijipiga kofi. Hakikukoma.

Mwalimu alikuwa barazani anachonga penseli kwa wembe, anachora visanduku vya wiki ijayo. Na hata ukiwa unakufa kwetu unaanza na salamu. Nikasema shikamoo mwalimu, meno yanagongana. Akasema marahaba, akaniambia nisogee kwenye jiko la mkaa, akanimiminia chai ya mchaichai. Sikuinywa. Nikamwaga kila kitu kwa pamoja: kreti, Mombo, barabara, ziwa, simu inaita kwenye rafu, karatasi niliyoila.

Nilidhani atacheka, au atanipa somo kwamba mvua hailetwi na mafumbo. Hakufanya hata kimoja. Aliweka wembe chini. Akasimama akatazama upande wa bondeni, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama, weupe tu. Akakaa hivyo mpaka nikaogopa zaidi. Kisha akarudi, akaketi mbele yangu, magoti yetu yanagusana.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

Akalisema lile fumbo la tatu lote, polepole, na alipofika kwenye mama akatazama tena bondeni.

"Nimeshindwa," nikasema. "Sijui. Sijawahi kulijua."

"Nipe mji."

Na hapa ndipo ninapoomba usinihukumu. Nilikuwa na miji yote ya dunia. Ningeweza kumpa Tanga, ingawa Tanga ilikuwa ya bibi. Ningempa Arusha, Mwanza, London. Lakini kichwa changu mchana kutwa kilikuwa mahali pamoja tu, na mdomo ukatoa kilichokuwepo.

"Nakupa Mombo."

"Yote?"

"Yote."

Hapo hapo nikamsikia bibi na miji yake. Mbuzi, mashamba, na watu wote waliomo. Harudishi. Nimekuja kumkomboa mama yangu, na nimemgawa kwa mdomo wangu, yeye na tenga lake. Nikapiga magoti, nikamshika mwalimu suruali. Nikamwambia hapana, nimekosea, achukue Dar es Salaam, achukue ng'ombe wetu, anirudishie Mombo. Nililia kilio cha mtoto wa miaka mitatu.

Mwalimu akaniinua kwa kwapa. "Umeshatoa. Mombo ni yangu." Akavaa koti lake, akachukua mwavuli, akasimama wima kama siku za paredi ya shule. "Basi mimi mtawala wa Mombo naamuru: kila mama aliyetoka milimani kuuza kwangu leo, arudi kwao kabla ya giza. Na barabara imheshimu."

Kisha akasema twende tukaone kama amri imefika. Tulishuka pamoja. Mkono wake mmoja mwavuli, mwingine umenibana bega kwa nguvu mpaka paliniuma siku mbili. Kila hatua alinielemea. Nikasema moyoni, uzee huo. Njia nzima hakuongea, yeye ambaye hata mazishini hufundisha.

Dukani watu walikuwa wengi, wamekaa kama wanangoja matokeo ya mtihani. Bibi alikuwepo, ameshaambiwa, kanga mbili kichwani. Aliponiona hakunipiga. Aliniuliza kwa Kishambaa, taratibu, kama mama wa yule rafiki yangu amesharudi. Nikatikisa kichwa. Akanivuta ndani ya kanga yake, nikasikia moyo wake unapiga haraka kama wa kuku uliyemshika.

Weupe ukaanza kuwa wa kijivu. Jua halionekani, lakini unajua linashuka. Halafu kwenye barabara tukasikia sauti za wanawake, wanabishana. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama wanawake wanabishana kwenye ukungu. Wakatokea mmoja mmoja, kina mama wa tenga, matope mpaka magotini. Gari lao lilisimama kabla ya kona. Walishuka, wakauzunguka ule udongo kwa kupanda mlima, wakadandia lori la mbao upande wa pili, likawaacha njia panda. Mama alikuwa wa mwisho. Tenga amelifunika kichwani juu chini kama kofia, mvua isimpate. Akaja mpaka dirishani, hakututazama hata mmoja, akamuuliza mwenye duka:

"Simu yangu imejaa?"

Watu wakacheka, wengine wakalia, mimi nikafanya vyote viwili nyuma ya koti la mwalimu. Bibi na mwalimu walipomsimulia, mama aliketi kwenye lile kreti akavua kiatu, akamwaga maji. Akaniambia siku nyingine nikitaka kugawa Mombo, nisubiri kwanza amalize kuuza.

Leo ule ukuta wa duka umepakwa rangi ya kampuni ya simu, huwezi kuupigilia msumari. Binti yule ni nesi mbali huko, tunatumiana vichekesho kwenye simu, na bado ananishinda. Bibi aliondoka na miji yake yote, hakuna aliyerithi. Jikoni kwetu kuna jiko la gesi, na gesi haimfanyi mtu atege kitendawili. Watoto wa sasa ukiwaambia kitendawili wanakuuliza kipo programu gani. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nawanyoa huku wameinamisha vichwa kwenye simu, inanirahisishia shingo.

Kitu kimoja nilikigundua nikiwa mkubwa. Mwalimu aliendelea kupigilia karatasi miaka mingi baada ya siku ile. Ndani yake alitia wajomba, mbuzi, mapadri, majirani wachoyo. Mama hakumtia tena, hata mara moja.

Mwaka jana, kabla hajafariki, nilipanda kwenda kumnyoa kitandani, kwa sababu hakuweza tena kushuka. Nilimpaka povu la sabuni, nikamtania ili acheke. Nikamwambia mwalimu, umekula Mombo yangu miaka yote hii, sasa nirudishie. Hakucheka. Alinishika mkono wenye wembe, akausogeza pembeni, akasema:

"Siku ile nilikushika bega nisianguke mimi. Wewe ulitegua tu, mwanangu. Aliyemtia mama yako ziwani ni mimi, tena niliandika mchana kweupe."